Maswali ya Wasomaji: Chuma na Titani Ndani ya Mchanga Mweusi

Barua za safari hii karibu zote zinahusu mchanga mweusi: namna ya kuupima, kuuchambua na kuutoa chuma ili titani, metali nyepesi na imara, ibaki. Zile zilizouliza jambo moja tumezijibu kwa pamoja.

Nimechota mchanga mweusi ufukweni. Nikipitisha sumaku ya spika, sehemu kubwa inarukia na kung'ang'ania. Je, hii ndiyo titani? Na nitajuaje kiasi kilichomo?

Kinachorukia sumaku ya spika kwa kawaida ni magnetaiti, yaani oksidi ya chuma. Ilmenaiti, ambayo ndiyo madini makuu ya titani mchangani, ina mvuto hafifu. Sumaku hiyo itaiacha chini, lakini ukileta sumaku kali ya neodimiamu karibu kabisa, chembe zake zitanyanyuka. Rutaili, madini mengine ya titani, na zirkoni, madini ya metali ya zirkoniamu, hazitanyanyuka kwa sumaku yoyote uliyo nayo mkononi.

Usiitupe magnetaiti kabla ya kuipima, maana kuna titanomagnetaiti, chembe ya chuma iliyobeba titani ndani yake. Mchanga wa pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kaskazini, New Zealand, ni wa aina hiyo, na kiwanda cha Glenbrook hutengeneza feleji kutokana nao. Huko chuma ndiyo mali, na titani ni usumbufu unaoishia kwenye slagi, yaani takataka iliyoyeyuka inayotengana na chuma tanurini.

Kupima kiasi, anza na sampuli ya haki. Safu nyeusi ya juu imechambuliwa na mawimbi. Inaweza kuwa na unene wa sentimita chache tu na chini yake pakawa mchanga mweupe mtupu. Chimba shimo, chukua mchanga kwa kila mita moja, na weka kila mita kwenye mfuko wake. Kausha, mwaga lundo lenye umbo la pia, ligawe robo nne, chukua robo mbili zinazotazamana na utupe nyingine. Rudia mpaka ibaki kilo 1.

Osha kilo hiyo kwa maji, mimina tope laini, rudia mpaka maji yawe angavu. Kausha na upime: uzito uliopungua ni udongo laini, na tarakimu hiyo iandike, maana itakusumbua mbele ya safari. Chekecha kwa wavu wa milimita 2. Kinachopita kioshe kwenye karai kwa kukitikisa na kukiinamisha mpaka ubaki mkia mweusi. Ukaushe, uupime, halafu funga sumaku kwenye mfuko wa nailoni na uupitishe juu yake ili chembe zitoke kirahisi ukiuondoa mfuko.

Karai hupoteza zirkoni iliyo laini na hubakiza garneti, madini mazito yasiyo ya titani, kwa hiyo jibu lake ni la makadirio. Maabara hutumia kimiminika kizito. Bromofomu ina densiti ya 2.89: kwazi, yaani mchanga mweupe wa kawaida, yenye 2.65 huelea, na madini yenye zaidi ya hapo huzama. Mvuke wake una sumu na haufanyiwi kazi nje ya kabati la kuvuta hewa. Sodiamu politangsteti, inayoyeyuka kwenye maji, ni salama zaidi ila ni nzito kuichuja. Na usivunjike moyo kwa tarakimu ndogo: yapo machimbo makubwa, kama Moma nchini Msumbiji, yanayochimba mchanga wenye madini mazito asilimia chache tu.

Tunaendesha spirali za majaribio, ile mifereji iliyojizungusha kama parafujo ambamo tope la mchanga linateremka na madini mazito kubaki upande wa ndani. Siku moja mkusanyiko, yaani madini yaliyochambuliwa, unatoka na mchanga mweupe mwingi, siku nyingine madini meusi yanakwenda na taka. Visu vya kugawia mkondo kati ya mkusanyiko na taka hatujavigusa.

Basi kilichobadilika ni tope linaloingia. Chukueni chombo cha lita 1, kijazeni tope la mlangoni na mkipime bila uzito wa chombo. Kwa mchanga wa kawaida, kilo 1.19 maana yake yabisi, yaani mchanga bila maji, ni asilimia 25 kwa uzito, kilo 1.28 ni asilimia 35, kilo 1.34 ni asilimia 40. Spirali nyingi za madini mazito hufanya kazi vizuri kati ya asilimia 30 na 40. Tope likiwa zito kupita hapo, chembe zinabanana na kwazi haipati nafasi ya kusukumwa nje, kwa hiyo inateremka pamoja na madini meusi. Likiwa jepesi mno, maji yanakimbia na kubeba ilmenaiti laini mpaka ukingo wa nje. Pimeni kila nusu saa kwa siku nzima kabla ya kugusa kisu chochote. Mara nyingi utakuta pampu inameza hewa, au mtu anafungulia maji kwa kukadiria.

Mtuhumiwa wa pili ni udongo laini. Chembe zilizo chini ya mikroni 45 hazichambuliwi na spirali. Kazi yake ni kuyafanya maji kuwa mazito tu. Ziondoeni kwa haidrosaikloni, chombo kinachozungusha tope kwa kasi ili laini litengane na zito, kabla ya mlango. Mkiona mchanga umetuama na kujenga kichuguu upande wa ndani wa mfereji, mtiririko ni mdogo au kuna mawe yaliyopita chekeche. Kikwangueni, kisha tafuteni tundu kwenye wavu.

Hatua moja haitoshi hata spirali ikiwa nzuri namna gani. Mpangilio wa kawaida ni hatua ya kwanza ya kutupa kwazi nyingi, ya pili ya kusafisha mkusanyiko, na nyingine ya kuokoa kilichoponyoka kwenye taka. Mkusanyiko wa mwisho unatakiwa uwe na madini mazito asilimia 90 au zaidi. Msitarajie spirali itenganishe ilmenaiti na zirkoni: moja ina densiti ya 4.7, nyingine 4.6 hivi, na maji hayaoni tofauti hiyo.

Kwenye kinu kikavu, ambako mkusanyiko uliokaushwa hutenganishwa kwa sumaku na umeme, zirkoni yetu inatoka na rutaili, na rutaili nayo ina zirkoni. Volti ziko juu kama kawaida. Tatizo linazidi asubuhi.

Neno "asubuhi" ndilo lililotupa jibu. Mashine ya umeme tuli hutenganisha kwa uwezo wa chembe kupitisha umeme. Chembe zote huchajiwa kwa volti 20,000 hadi 30,000 zikiwa juu ya rola iliyounganishwa na ardhi. Rutaili na ilmenaiti hupitisha umeme, hupoteza chaji yao mara moja na kurushwa mbele. Zirkoni, kwazi na monazaiti (madini mazito yenye mionzi) hubaki na chaji, huganda kwenye rola na kufagiliwa kwa brashi upande wa nyuma. Sasa weka utando mwembamba wa unyevu juu ya zirkoni: nayo inaanza kupitisha umeme na inarushwa pamoja na rutaili. Asubuhi hewa ina unyevu na mashine bado ni baridi. Ulisheni mchanga ukiwa na joto la nyuzi 80 hadi 120 za Selsiasi, na msianze kupokea bidhaa kabla rola na mifereji haijapata moto.

Joto likiwa sawa na bado mambo ni mabaya, angalieni uso wa chembe. Chumvi ya bahari na utando wa udongo hufanya madini tofauti yawe na tabia moja mbele ya umeme. Sugueni mkusanyiko kwenye tangi la kusugulia ukiwa na yabisi asilimia 70 hivi, ili chembe zisuguane zenyewe, kisha osheni kwa maji yasiyo na chumvi na mkaushe. Halafu kuna ukubwa wa chembe. Zirkoni kubwa hurushwa kwa uzito wake hata ikiwa na chaji, na rutaili laini hung'ang'ania rola. Chekecheni makundi mawili, mlishe kila kundi peke yake na kwa mwendo wake wa rola.

Mpangilio mzima, kwa waliouliza, huenda hivi: sumaku dhaifu ya karibu tesla 0.1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) huondoa magnetaiti. Sumaku kali ya tesla 0.5 na kuendelea hutoa ilmenaiti. Umeme tuli hutenganisha rutaili na zirkoni. Sumaku kali zaidi humalizia kwa kuvuta monazaiti na garneti zilizobaki. Kuna ilmenaiti yenye mwenzi msumbufu, kromaiti (madini ya kromiamu), ambayo huvutwa na sumaku karibu sawa nayo na huharibu rangi ya bidhaa. Dawa yake ni kuioka ilmenaiti kwenye nyuzi 700 hadi 800. Hapo mvuto wake unapanda, kromaiti inabaki palepale, na sumaku inapata cha kuchagua.

Je, kuna mionzi kwenye mchanga huu?

Ipo, na inatoka hasa kwenye monazaiti, yenye thoriamu. Zirkoni nayo ina urani kidogo. Mchanga ukiwa ardhini mionzi imetawanyika. Hatari inakua kadiri unavyochambua, kwa sababu monazaiti yote inaishia kwenye rundo moja la mwisho. Kipimo kinachotumika kimataifa kama mpaka wa kuanza udhibiti ni bekereli 1 (kipimo cha mionzi) kwa gramu kwa urani au thoriamu pamoja na vizazi vyake, yaani elementi zinazozaliwa zinapotoa mionzi, na mkusanyiko wa monazaiti huvuka kiwango hicho kwa mbali. Adui mkubwa ni vumbi linaloingia mapafuni: mashine zifunikwe, vumbi livutwe, barakoa zivaliwe, na rundo hilo lisiachwe wazi kwa upepo wala kutumiwa kama mchanga wa kujengea.

Mimi ni mhunzi. Nina mkaa, mvukuto wa umeme na mchanga mweusi magunia kadhaa. Naweza kuyeyusha nikapata chuma na titani?

Chuma, ndiyo. Titani, hapana, na si suala la moto wako kuwa mdogo.

Tuanze na chuma. Wajapani walitoa feleji ya panga kwenye mchanga wa chuma kwa tanuri la udongo liitwalo tatara, linalowaka siku tatu mfululizo. Tani 10 hivi za mchanga na tani 12 hivi za mkaa hutoa bonge la tani 2.5. Kwa tanuri dogo la wima, lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 25 hadi 30 na urefu wa mita moja juu ya bomba la hewa, tumia mchanga uliovutwa na sumaku dhaifu tu. Huo ndio wenye magnetaiti nyingi. Jaza mkaa uliokatwa vipande vya sentimita 2 hadi 4, washa mpaka tanuri lote liwe jekundu, kisha weka kilo 1 ya mchanga kwa kila kilo 1 ya mkaa, kidogokidogo. Mchanga mkavu hupeperushwa na hewa au hupenya haraka mpaka chini kabla haujabadilika. Ulowanishe kidogo, au ufinyange vidonge kwa udongo kiasi na uvikaushe.

Ukipuliza kwa nguvu mno au ukiweka mkaa mwingi kupita kiasi, oksidi ya chuma yote hugeuka chuma na slagi hubaki bila kitu cha kuifanya itiririke. Hapo titani iliyomo huanza kujenga kabidi na naitraidi, yaani misombo yake migumu na kaboni au naitrojeni, slagi inakuwa nzito na kuziba bomba. Ndiyo maana hata tanuri refu la kawaida la chuma halipendi mchanga wenye titani nyingi. Kubali kupoteza sehemu ya chuma kwenye slagi. Ndiyo gharama ya kuifanya imiminike. Fanya kazi hiyo nje, mahali penye hewa, kwa kuwa gesi inayotoka juu ni kaboni monoksidi, haina harufu na inaua.

Titani inashikilia oksijeni yake kwa nguvu kuliko chuma. Kaboni ya mkaa huweza kuivua chuma oksijeni, lakini ikiilazimisha titani, matokeo ni kabidi ya titani, kitu kigumu kisichofuliwa. Na hata ungekuwa na titani safi ikiwa moto, ingefyonza oksijeni na naitrojeni ya hewani na kuvunjika kama kigae. Njia inayotumika viwandani, aliyoibuni William Kroll, hukwepa kuigeuza oksidi kuwa metali moja kwa moja. Oksidi huchomwa kwa klorini na koki (makaa ya mawe yaliyookwa), inatoka titani tetrakloridi, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 136. Hicho husafishwa kwa kukenekwa, kisha huletwa kwenye magnesi iliyoyeyuka kwenye nyuzi 800 hadi 900, ndani ya chombo kilichojaa agoni, gesi isiyoungana na kitu. Kwa hesabu ya kemia, kilo 1 ya titani hula kilo 3.96 za tetrakloridi na kilo 1.02 za magnesi. Kinachopatikana ni sponji, yaani titani yenye vitundu, ambayo bado inahitaji kuvutwa magnesi na chumvi zake kwa ombwe, kisha kuyeyushwa ndani ya ombwe. Tetrakloridi ikigusa hewa yenye unyevu hutoa moshi mweupe wa asidi. Si kazi ya karakana.

Nasoma uhandisi wa madini. Ilmenaiti yetu ina titani dioksidi asilimia 50. Nimesoma kuna njia ya kuyeyusha na njia ya kuitia kutu. Ipi bora? Nilijaribu ya kutu maabara: baada ya saa 20 chembe zimegeuka kahawia na bado zinavutwa na sumaku.

Sumaku na spirali hutenganisha chembe na chembe. Wewe sasa unatenganisha vitu viwili, chuma na titani, vilivyo ndani ya chembe moja, na hapo ndipo gharama yote ya titani inapoanzia. Ilmenaiti safi, FeTiO3, ina titani dioksidi asilimia 52.6 na chuma asilimia 36.8. Tani moja kwa hiyo imebeba kilo 368 za chuma. Swali la kwanza, kabla ya "ipi bora", ni kama una pa kukiuza chuma hicho na kama una umeme wa bei nafuu.

Ukiwa navyo vyote viwili, yeyusha. Hivi ndivyo inavyofanyika Richards Bay, Afrika Kusini, na Sorel-Tracy, Kanada. Ilmenaiti na makaa ya mawe magumu huingizwa kwenye tanuri la umeme, kwenye joto la nyuzi 1,650 hadi 1,700. Kwa nadharia tani moja inahitaji kilo 79 za kaboni. Kwa vitendo ni zaidi. Chuma huzama chini na kutolewa kwa tundu lake. Slagi huelea juu ikiwa na titani dioksidi asilimia 80 hadi 86, nayo hutolewa kwa tundu la juu zaidi. Ugumu wake ni kwamba slagi hiyo hula tofali lolote. Kinachoilinda ni ngozi ya slagi yenyewe iliyoganda ukutani, na ngozi hiyo inaishi kwa mizani ya umeme na kaboni. Kaboni ikipungua, oksidi ya chuma inabaki nyingi, slagi inakuwa majimaji na kuanza kuyeyusha ngozi. Kaboni ikizidi, oksidi ya chuma inashuka mno, kiwango cha kuyeyuka kinapanda, slagi inakuwa nzito na haitoki. Ndiyo sababu waendeshaji huacha kwa makusudi oksidi ya chuma ya karibu asilimia 10. Hatari nyingine ni slagi yenye oksidi nyingi kukutana ghafla na chuma chenye kaboni: kaboni monoksidi inachipuka kwa wingi na slagi inafura kupanda juu.

Njia ya kutu ni ya Becher, kwa jina la Robert Gordon Becher, iliyobuniwa Australia Magharibi. Ilmenaiti hupitishwa na makaa ya mawe kwenye tanuri la kuzunguka kwenye nyuzi 1,100 hadi 1,200. Haiyeyuki, chuma hugeuka kuwa metali ndani ya chembe, na titani inabaki oksidi. Hupozwa bila kuguswa na hewa, majivu na makaa yaliyobaki huondolewa, kisha chembe huwekwa kwenye tangi la maji yenye kloridi ya amonia karibu asilimia 1, huku hewa ikipulizwa. Chuma hutoka ndani ya chembe, hupata kutu nje na kuwa tope jekundu linalooshwa. Joto hupanda lenyewe mpaka nyuzi 70 au 80, na kazi huchukua saa 12 hadi 16 hivi. Mwisho asidi ya salfuriki hafifu huondoa mabaki. Bidhaa ni rutaili ya kutengenezwa, yenye titani dioksidi zaidi ya asilimia 88. Hasara yake: chuma chote kinaishia kwenye bwawa la tope.

Sasa jaribio lako. Rangi ya kahawia kwenye chembe maana yake kutu imetokea ndani ya vitundu badala ya nje, na imeziba njia. Chuma kinapoyeyuka, maji ndani ya kitundu yanakuwa ya alkali na kukigandisha papo hapo. Kazi ya amonia ni kuzuia hilo mpaka chuma kifike nje. Pima kloridi ya amonia tena, na usitumie suluhisho la jana bila kulipima. Angalia pia mkorogo: chembe zikituama chini ya chombo, maji ya kwenye vitundu hayabadilishwi. Kisha rudi nyuma ukaangalie tanuri, kwa sababu tangi haliwezi kutoa chuma ambacho hakijawa metali. Kama chini ya asilimia 90 ya chuma ndiyo iliyogeuka, tatizo liko huko: joto dogo, muda mfupi, au hewa imeingia wakati wa kupoza. Usijaribu kufidia kwa kupandisha moto hovyo. Majivu ya makaa huanza kulainika, chembe zinashikana, na unajenga pete ukutani mwa tanuri.

Kwa vyovyote, muulize mnunuzi kuhusu kalsiamu na magnesi kabla ya kuchagua njia. Kwenye kiwanda cha klorini, kinachogeuza oksidi ya titani kuwa tetrakloridi, kloridi ya chuma hutoka kama mvuke, lakini kloridi za kalsiamu na magnesi hubaki kimiminika kwenye nyuzi 1,000 na kugandisha kitanda cha chembe zinazoelezwa na gesi. Wengi hutaka oksidi ya kalsiamu isizidi asilimia 0.2 hivi. Chembe laini mno nazo hupeperushwa nje ya kitanda hicho, kwa hiyo vumbi la slagi huuzwa kwa viwanda vya asidi, vinavyotoa titani dioksidi nyeupe kwa asidi ya salfuriki.

Fuwele za kijani zinazotoka kiwanda cha asidi ni nini, na kwa nini wanatia vyuma chakavu?

Ni salfeti ya chuma yenye maji saba. Ilmenaiti husagwa na kuchanganywa na asidi ya salfuriki kali. Mchanganyiko hujipasha moto na kuwa keki ngumu, ambayo huyeyushwa kwa maji. Kwenye myeyusho huo sehemu ya chuma iko katika hali ya feri (iliyopoteza elektroni tatu), ambayo ingeshuka pamoja na titani na kuipa rangi ya manjano. Chuma chakavu huirudisha kuwa ferasi (iliyopoteza elektroni mbili). Wanatia mpaka myeyusho uanze kuwa wa zambarau: hiyo ni dalili kwamba titani kidogo imeanza kubadilika nayo, kwa hiyo feri imekwisha. Kisha myeyusho hupozwa hadi nyuzi 10 au 15, fuwele za kijani zinajitenga na kuchujwa, na ndipo myeyusho huchemshwa ili titani ishuke ikiwa nyeupe.

Kwa hesabu, kila tani ya titani dioksidi kutoka ilmenaiti safi inakuja na tani 3.5 hivi za fuwele. Zinatumika kusafishia maji na kwenye saruji, lakini mara nyingi ni nyingi kuliko wanunuzi. Anayetumia slagi badala ya ilmenaiti huondokana nazo karibu zote, kwa sababu chuma kimeshatolewa tanurini. Rutaili usiipeleke kwenye njia hii: asidi hiyo haiigusi.